Kupima Moyo wa Mwalimu Mwanafunzi

Kila mwaka vijana wa vyuo vya ualimu huja shuleni kwetu hapa Sanya Juu kufanya mazoezi ya kufundisha. Hushuka katika gari litokalo Boma Ng'ombe, wamechukua masanduku na mabunda ya karatasi, nasi tulio kazini huwapokea, tukawagawia madarasa, tukaketi nyuma ya chumba kuwatazama. Kazi hiyo tumeifanya kwa miaka kadha wa kadha, na tulidhani twaijua.

Mwaka mmoja walikuja sita. Pamoja na maandalio yao ya masomo walikuwa na karatasi nyingine yenye maswali 24. Je, waweza kumtuliza mtoto mtundu? Je, waweza kumfanya mtoto aliyekata tamaa apende masomo? Je, waweza kueleza jambo kwa njia nyingine watoto wasipoelewa? Kila swali lilimtaka mwanachuo atie namba tangu 1 hata 9. Moja maana yake siwezi kitu, na tisa maana yake naweza sana. Waliagizwa kuijaza kabla ya siku ya kwanza ya kufundisha, waandike majina yao juu, kisha wamrudishie mwalimu wao wa chuo; na huyo ndiye ambaye angekuja baadaye kutoa maksi za mazoezi.

Watano walitia 8 na 9 tangu juu hata chini. Wa sita, kijana mtulivu, alitia 3 na 4, na mara chache 5.

Basi tuliwatazama kwa majuma mengi. Katika wale watano, wawili walifundisha vizuri, wawili walifundisha kwa kadiri, na mmoja hakuweza kulituliza Darasa la Tatu hata siku moja. Yule wa sita alikuwa na sauti ndogo, lakini alimjua kila mtoto asiyeelewa kugawanya, na jioni alibaki na watoto wanne au watano chini ya mti, akiwafundisha kwa vijiti na mbegu za mahindi. Mwalimu wa chuo alipokuja, alimwita kando akamwambia kwamba karatasi yake yaonyesha hana moyo wa ualimu. Sisi tulikuwapo, tukasikia, tukanyamaza, maana tulimstahi mgeni. Kijana yule hakumaliza mwaka wake. Twaambiwa yuko kwao, analima.

Tangu siku ile tumejiuliza: moyo wa mwalimu hupimwaje? Nani aliuanza upimaji huu, na kwa kipimo gani? Tumetafuta habari zake katika historia ya mlima wetu na katika maandishi ya wataalamu, nasi twawaletea wasomaji yale tuliyoyaona.

MAANA YA KUJIAMINI

Kwanza yatupasa kulieleza neno lenyewe. Mtu aweza kujiamini katika jambo moja na kuwa mwoga katika jingine. Dereva hodari wa lori huenda akatetemeka akiambiwa asimame mbele ya watu kusema. Kwa hiyo kujiamini katika kufundisha si sawa na ukali wa macho wala ukubwa wa sauti. Ni imani aliyo nayo mwalimu kwamba yeye, katika darasa lile, na watoto wale, aweza kufanya kazi ile hata watoto wapate kujua. Wahenga walisema, debe shinda haliachi kutika. Majivuno hufanya kelele, na imani ya kweli mara nyingi hukaa kimya.

Mtaalamu aliyelieleza jambo hili kwa namna iliyowafaa walimu wengi ni Albert Bandura, mwalimu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1977 aliandika kwamba imani hiyo hutoka katika chemchemi nne. Ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kulifanya jambo mwenyewe na kuliona limefaulu. Ya pili ni kumwona mtu aliye kama wewe akilifanya. Ya tatu ni maneno ya kutia moyo yasemwayo na mtu unayemheshimu. Ya nne ni hali ya mwili wenyewe, jinsi moyo unavyodunda na mikono inavyotoka jasho, na jinsi mtu anavyozifasiri dalili hizo. Msomaji na azikumbuke chemchemi hizi nne, kwa kuwa tutaziona tena katika habari za wazee wetu, ambao hawakulisikia jina la Bandura.

KIPIMO CHA JICHO

Shule za kusoma na kuandika zilikuja Kilimanjaro pamoja na misioni. Wamisioni wa Kanisa la Kiingereza walikaa Moshi kwa Mangi Rindi tangu mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 kwenda Taveta. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Wajerumani wa Misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Kabla ya vita ya 1914 walikuwa wamekwisha kujenga vituo mahali pengi mlimani, na huku kwetu Siha pia, ambako wao walipaandika Schira.

Punde waliona kwamba Wazungu wachache hawawezi kufundisha watoto wa mlima mzima. Ikawa hapana budi kuwafundisha vijana wa hapa hapa wawe walimu. Mwaka 1902 Walutheri walianza chuo cha walimu huko Moshi ya Kale, na mwaka 1912 kikahamia Marangu, kilipo Chuo cha Ualimu Marangu hata leo, ijapokuwa sasa ni cha serikali.

Zamani zile mwanachuo alipimwa kwa jicho. Mkubwa wa chuo aliishi naye mahali pamoja, akamwona akilima, akisali, akiimba, akiwafundisha watoto wadogo. Akisha kumwona hivyo kwa muda mrefu, alisema moyoni mwake kwamba huyu afaa na yule hafai. Kipimo hicho kilikuwa na wema wake. Kilimwona mtu mzima mzima, na kilichukua muda. Lakini kilikuwa na kasoro kubwa pia, kwa sababu mpimaji alikuwa mgeni. Kijana wa Kichaga alilelewa asimkazie macho mkubwa wake na asijisifu mbele ya wazee. Mpimaji asiyeijua adabu hiyo angeweza kuuona unyenyekevu akadhani ni woga, na kumwona mjuvi akadhani ni shujaa. Kasoro hiyo haijafa. Ndiyo iliyotokea shuleni kwetu, ijapokuwa mpimaji wa siku ile hakuwa Mzungu.

KIPIMO CHA MAMBO YALIYOTOKEA

Kipimo cha pili hakukipanga mtu. Katika vita ya 1914 hata 1918 Waingereza waliitwaa nchi, na mwaka 1920 wamisioni wa Leipzig waliondolewa, wakabaki wachache sana wasiokuwa Wajerumani. Makanisa yalibaki, shule zilibaki, watoto walibaki. Na waliotazamiwa kuyachukua yote hayo ni walimu wa Kiafrika, ambao hata jana walikuwa wakihesabiwa kuwa wasaidizi tu.

Nao waliyachukua. Walikusanya watoto, wakafundisha, wakawaongoza Wakristo, na mara nyingi mshahara ulikuwa haba au haukuwapo kabisa. Walutheri wa Marekani walianza kuja kusaidia katika mwaka 1922, na Wajerumani waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925. Waliporudi walikuta kazi ingali hai. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miongoni mwa walimu wa zama zile Filipo Njau wa Marangu anatajwa sana. Yeye alisoma katika chuo kile cha Marangu, naye baadaye akafundisha walimu wengine hapo hapo. Mwingine wa Marangu, Nathanael Mtui, hakutosheka na kufundisha watoto tu, bali alijaza madaftari habari za mangi wa Kilimanjaro na mambo ya kale, na wenye elimu wa Ulaya walioandika vitabu juu ya Wachaga walichota humo. Hapo twaona kwamba mwalimu akisha kuamini uwezo wake, imani hiyo huvuka ukuta wa darasa.

Hakuna aliyewauliza walimu wale kama wanajiamini kwa kadiri ya 3 au ya 9. Mambo yenyewe ndiyo yaliyowauliza, nao walijibu kwa kazi. Tena inawezekana kabisa kwamba wengi wao, kama wangeulizwa siku ile ya kuondoka wamisioni, wangetia namba ndogo. Imani yao ilikua katika kufanya, siku kwa siku, kama ile chemchemi ya kwanza tuliyoitaja.

Lakini na tujihadhari tusije tukaipenda habari hii kupita kiasi. Wako watu wasemao, "Mwacheni mwalimu kijana peke yake, ataogelea au atazama, na hapo ndipo tutakapomjua." Hao hutoa mfano wa mwaka 1920. Twawajibu hivi: historia huyahifadhi majina ya waliosimama. Waliokata tamaa wakarudi mashambani hawakuandikwa, nasi hatuwezi kuhesabu ni wangapi. Tena mwenye nyumba haichomi moto nyumba yake ili ajue ni mtoto yupi hodari wa kuteka maji. Chuo hakiwezi kutumia msiba kuwa mtihani.

KIPIMO CHA CHETI

Mwaka 1927 serikali ya Waingereza ilitoa sheria ya elimu katika Tanganyika. Kwa sheria hiyo shule za misioni zilizotimiza masharti zilipewa msaada wa fedha, na sharti moja lilikuwa kuwa na walimu wenye cheti kinachokubaliwa na serikali. Wakaguzi wakaanza kuzunguka, na mwalimu akapimwa kwa mtihani na kwa kitabu cha ukaguzi.

Hatusemi kwamba jambo hili lilikuwa baya. Cheti kilimkinga mwalimu na upendeleo wa mtu mmoja, na mshahara wake ukawa na msingi. Walakini cheti hupima yale mtu ayajuayo siku ya mtihani, nacho hakiwezi kusema kama mtu huyo, akipewa watoto sitini na ubao uliopasuka, ataamini kwamba aweza kitu. Tena ukaguzi ulizaa namna mpya ya kujiamini: mwalimu aliyekuwa na somo moja safi la kumfundishia mkaguzi, ambalo watoto walikwisha kulisikia mara mbili. Walimu wazee wakilisoma jambo hili watacheka, maana wanalijua. Na vijana wa leo wanaofanya mazoezi ya kufundisha wanalijua vile vile.

WALIMU WA HARAKA

Baada ya uhuru nchi yetu ilitaka watoto wote waende shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba hata kufika mwaka 1977 kila mtoto apate nafasi katika shule ya msingi. Madarasa yaliweza kujengwa na wananchi, lakini walimu wangetoka wapi? Vyuo vyote pamoja havikuweza kutoa idadi ile. Ndipo vijana waliomaliza Darasa la Saba walipochukuliwa, kadiri ya 45,000 kwa jumla, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini. Walifundisha sehemu ya siku, na saa zilizosalia walijifunza kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa msaada wa walimu waliowekwa kuwaongoza. Mafunzo yalichukua kama miaka mitatu.

Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulijulikana kwa herufi za Kiingereza, UPE, na watu wenye ulimi mkali walizifasiri herufi hizo upya: Ualimu Pasipo Elimu. Jina hilo liliwafuata walimu wale katika magulio, vilabuni, na hata katika vyumba vya walimu wenzao waliotoka vyuoni. Hebu msomaji azikumbuke tena chemchemi nne. Ya kwanza vijana wale waliipata kwa wingi, maana walikuwa darasani tangu mwanzo. Ya tatu, yaani maneno ya kutia moyo, walinyimwa. Nao watafiti waliowalinganisha walimu wa namna hizo mbili katika miaka ya 1980 hawakuikuta darasani tofauti kubwa kama ile iliyokuwa vinywani mwa watu.

Jambo hilo lilirudi tena. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ulijaza shule watoto wapya baada ya ada kufutwa, na mafunzo ya ualimu yakagawanywa, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Kisha sekondari za kata zilipoongezeka katika mwaka 2006 na miaka iliyofuata, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha. Watu wakawabandika jina la vodafasta, kama kuongeza salio katika simu. Miaka thelathini imepita kati ya dhihaka ile na hii, na mwanzo wake ni mmoja: nchi ina haraka, kijana anatumwa, kisha kijana huyo huyo ndiye anayechekwa.

Sisi wenyewe, ijapokuwa tulisoma chuo kamili, tulianza kazi katika shule moja ambayo hatuitaji jina. Siku ya kwanza tulipewa chaki mbili na daftari la mahudhurio, tukaonyeshwa mlango. Hakuna aliyeingia darasani mwetu hata kufunga shule. Mwezi wa pili tulianza kuamka usiku tukijiuliza kama tulikosea njia. Aliyetuponya ni mwalimu mmoja mzee wa darasa la pili. Yeye alitukaribisha tumtazame akifundisha, akakosea hesabu ubaoni mbele yetu, akacheka, akasahihisha, akaendelea. Tulijifunza kwa kosa lile zaidi ya tulivyojifunza katika mihadhara mingi.

KIPIMO CHA NAMBA

Sasa tuirudie karatasi ya maswali 24. Ilitoka wapi? Mwanzo wake ni Marekani. Mwaka 1976 watafiti wa shirika la RAND walikuwa wakichunguza mafundisho ya kusoma katika shule za Los Angeles. Katika maswali yao mengi waliwapa walimu maneno mawili, waseme kama wanakubali au wanakataa. La kwanza lilihusu kama mwalimu aweza kufanya kitu wakati nyumba atokayo mtoto ina nguvu kumshinda. La pili lilihusu kama mwalimu mwenyewe, akijitahidi sana, aweza kumfikia hata mtoto mgumu. Waliona kwamba walimu walioamini uwezo wao, watoto wao walisonga mbele zaidi katika kusoma. Kwa maneno mawili tu mlango mkubwa ulifunguliwa.

Mwaka 1984 Sherri Gibson na Myron Dembo walitunga kipimo cha maneno 30. Kisha mwaka 2001 Megan Tschannen-Moran na Anita Woolfolk Hoy walitoa kile cha maswali 24, pamoja na kifupi cha maswali 12, chenye namba 1 hata 9. Kipimo chao hutazama mambo matatu: kuwavuta watoto wapende kujifunza, kutumia njia mbalimbali za kufundisha, na kuliongoza darasa. Kimetafsiriwa katika lugha nyingi na kutumika katika nchi nyingi.

Habari itufaayo kuliko zote ni hii. Mwaka 2005 Anita Woolfolk Hoy na Rhoda Burke Spero walitoa matokeo ya kuwapima walimu wale wale zaidi ya mara moja, tangu mafunzoni hata mwisho wa mwaka wa kwanza wa kazi. Imani yao ilipanda walipokuwa katika mafunzo na mazoezi, kisha ikashuka katika mwaka ule wa kwanza. Na kushuka kwake kulihusiana na msaada waliouona kuwa wameupata kazini. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Chuoni kijana hushikwa mkono, na shuleni mkono ule huondolewa siku moja. Tulipoisoma habari hii tulikumbuka chaki zetu mbili na mlango.

Basi, hatuwezi kusema kwamba karatasi ile ni mbaya. Waliyoitunga walitaka kujua namna ya kuwasaidia walimu. Ubaya uliingia katika njia ya kuitumia. Twataja mambo matatu.

Kwanza, jina liliandikwa juu, na karatasi ikapelekwa kwa mtoa maksi. Nani atakayetia 3 mbele ya hakimu wake, isipokuwa mtu mkweli kupita kawaida au asiyejua hatari? Kwa hiyo zile 9 nyingi zilipima hofu, na zile 3 zilipima ukweli.

Pili, lugha. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa, "Waweza kumtuliza mtoto mtundu?" huenda akadhani aulizwa kama ana ruhusa au kama ana nguvu za mwili. Na kwa watu waliolelewa kuona haya kujisifu, kutia 9 ni utovu wa adabu. Namba huchukua malezi ya mtu pamoja na imani yake, na mpimaji asiyetofautisha hayo hupima kitu asichokijua.

Tatu, darasa lenyewe. Hapa Sanya Juu, chini ya Kilimanjaro upande wa magharibi, darasa moja lina watoto wa Wachaga, wa Wamaasai, wa Waarusha, wa Wameru, na wa watu waliokuja zamani kufanya kazi katika mashamba makubwa ya walowezi. Wako wanaojua Kiswahili tangu utoto, na wako wanaokisikia kwa mara ya kwanza shuleni. Kijana anayeulizwa kama aweza kumsaidia kila mtoto, hali hajaliona darasa, hujibu juu ya darasa la ndotoni. Yule kijana wetu wa sita alikuwa amekuja siku moja kabla ya wenzake, akachungulia dirishani. Twadhani hiyo ndiyo sababu ya namba zake.

YATUPASAYO

Kutokana na historia hii twaona kwamba kila kipimo kina jicho moja tu. Jicho la mgeni huona umbo, msiba huonyesha walio hodari na kuwaficha waliovunjika, cheti huona maarifa, na namba huona yale ambayo mtu yu tayari kuyasema. Kwa hiyo twashauri hivi.

1. Karatasi ya kupima imani isiwe na jina, wala isifike kwa mtoa maksi. Matumizi yake yawe kuuliza, "Chuo chetu kimewaacha wapi vijana hawa?"

2. Vijana wapimwe mara tatu: kabla ya mazoezi, baada ya mazoezi, na mwisho wa mwaka wa kwanza wa kazi. Namba moja ni kama alama moja ya unyayo, haikuambii mtu aenda wapi.

3. Maswali yatungwe kwa Kiswahili chetu na kwa madarasa yetu. Badala ya kuuliza kama aweza kufundisha, aulizwe kama aweza kumfundisha kusoma mtoto asiyejua Kiswahili, katika darasa la watoto sabini, kwa vitabu kumi.

4. Maneno ya mtu yalinganishwe na kazi yake. Mwenye 9 na darasa la fujo aonywe kwa upole, maana yeye ndiye atakayevunjika vibaya mwakani. Mwenye 3 na darasa lenye utulivu aambiwe waziwazi mema aliyoyafanya, kwa sababu huenda hajui.

5. Kila mwalimu mpya apewe mwalimu mzoefu wa kumwendea, naye huyo mzoefu akubali kutazamwa akikosea.

Shuleni kwetu tumeianza hiyo ya nne na ya tano, maana hazihitaji fedha wala ruhusa ya mbali. Siku ya kwanza ya mazoezi wanachuo huketi nyuma, nasi twafundisha mbele yao. Mwisho wa juma twakaa nao, na kila mmoja huambiwa jambo moja alilolifanya vizuri, lenye jina la mtoto ndani yake: "Jumanne ulimfanya fulani aelewe." Sifa isiyo na jina la mtoto hatuitoi.

Ndugu walimu, yule kijana hatukumtetea, na hatuwezi kuirudisha siku ile. Tulikuwa na ushahidi mkononi: watoto watano chini ya mti, waliokuwa hawajui kugawanya, na sasa wanajua. Tungesema neno moja tu mbele ya mgeni, huenda leo angekuwa katika chumba cha jirani, na sauti yake ndogo. Tulipungukiwa na moyo, na hapakuwa na karatasi ya kutupima sisi.

Basi mkipewa vijana mwaka ujao, watazameni watoto wao kabla ya kutazama namba zao. Na neno jema mlilo nalo lisemeni wangali wapo.